Gunia Zima

Clovis Mwenze alikuwa na miaka ishirini na sita alipopangiwa kufundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi kule Naviundu, pembezoni mwa Lubumbashi, na mpaka siku hiyo hakuwahi kujipikia hata yai. Kwao Kabalo, ambako marehemu baba yake alikuwa fundi wa reli, chakula kilitoka jikoni kwa mama na dada zake. Chuoni kilitoka dirishani mwa jiko, kibaya lakini kwa saa yake. Sasa alikuwa na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya nyumba ya mjane aitwaye Alima, sufuria mbili, mbabula ya bati ya kuwashia makaa, na mshahara ambao kila mwezi ulichelewa kana kwamba ulitumwa kutoka Kinshasa kwa miguu.

Akishalipa chumba na kumtumia mama yake kidogo, kilichobaki alikigawa mafungu manne, fungu moja kwa juma moja. Hapo alijiona mtu mwenye akili. Tatizo lilianza siku ya posho, ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyoiita Jumamosi. Siku hiyo Clovis aliingia sokoni asubuhi na mapema, bei zikiwa bado juu, na kununua kwa macho: samaki wawili wa barafu, mchele, nyanya ya kopo, mkate wa kizungu. Jumamosi na Jumapili alikula kama bwana harusi. Jumatatu na Jumanne alikula mabaki. Jumatano alinunua hindi moja la kuchoma kwa makuta ya mwisho, sarafu zilizobaki mfukoni, na Alhamisi na Ijumaa alikunywa maji na kulala mapema. Asubuhi alisimama na wanafunzi wake mbele ya bendera, akaimba pamoja nao nyimbo za chama tawala, huku mkurugenzi wa shule akimtazama. “Sitwayeni Mwenze,” mkurugenzi alimwambia siku moja, kwa cheo cha uraia ambacho chama kiliwaamuru watu waitane, “sauti yako imepungua.” Clovis alisema ni mafua.

Alima alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwepesi wa miguu. Babu zake walitoka Kasongo, Maniema, na mumewe Aruna alikuwa fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima mpaka alipofariki, miaka tisa iliyopita. Watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Kolwezi na mwingine Kalemie, nao walimtumia salamu nyingi kuliko pesa. Alijilisha kwa kuuza mikate ya kukaanga kwenye lango lake, mikate midogo ya mviringo ambayo wanafunzi wa Clovis waliinunua wakienda shule.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa sita mchana, Clovis alikaa mlangoni kwake akisahihisha madaftari. Alima alikuwa ameteremsha chungu chake. Alimtazama mpangaji wake, akatazama mbabula yake iliyokuwa haijawashwa tangu Jumanne, akamwita.

“Mwalimu, kuya tukule.”

Clovis aliona chungu. Kilikuwa kidogo kama ngumi mbili za mwanamke. Ndani mlikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kando yake donge la bukari, ugali wa huko, ambalo mtu mmoja angelimaliza bila kukaa chini. Akijua wazi kwamba sahani atakayopewa ni nusu ya kile kilichokuwepo, alisema neno la kwanza lililomjia.

“Asante, mama. Niko nafunga.”

“Unafunga? Ramazani haiyafika.”

“Ni Kwaresima, mama. Sisi Bakatolika.”

Kwamba ilikuwa Kwaresima, hilo lilikuwa kweli. Alima akaitikia kwa kichwa na kula peke yake, taratibu, akimpa mgongo.

Uongo ule ulimtesa Clovis kuliko alivyofikiri. Mtu aliyesema anafunga hawezi kuonekana Jumamosi mchana akikaanga samaki. Basi hata siku alizokuwa na chakula alilazimika kungoja jua lizame, afunge mlango na kupika ndani, machozi yakimtoka kwa moshi. Jirani wao Régine, ambaye alikuwa Mkatoliki kama yeye na alifuga bata upande wa pili wa ua, alipita mara moja akakohoa na kuuliza kama chumba kinaungua. Mume wa Régine alikula kila siku saa sita, nje, mbele ya watu wote, na Clovis alimchukia kwa hilo.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia Kwaresima ikiwa haijaisha. Mwezi ulipoandama, Alima alikuja mpaka mlangoni kwa Clovis akiwa amejifunga kitenge safi.

“Mwalimu, ninyi Bakatolika mukifunga, munakulaka saa ngapi?”

“Magaribi, mama,” alisema Clovis, kwa kuwa huo ndio wakati aliokuwa akipika kwa siri.

“Basi ni saa ileile na sisi. Kesho ulete sahani yako. Kufungua peke yangu ni miaka tisa sasa, na chakula haina utamu.”

“Siwezi kula chakula yako ya bure, mama.”

“Nani amesema ya bure?” Alima alikaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa. “Siku ya posho utanipatia ile makuta yako ya juma, yote, mu mukono. Mimi nitaweka yangu. Tutaenda ku soko pamoja. Utachota maji, utaosha masufuria, na utajifunza kusonga bukari, kwa sababu ile yenye unapikaka ninaisikiaga harufu, inaungua kila siku.”

Clovis alikubali. Usiku huo alilala akiwa na woga kidogo, kama mtu aliyekabidhi silaha zake.

Jumamosi walikwenda sokoni, lakini si asubuhi. Alima alimngojesha mpaka karibu saa kumi, wakati wauza mboga wanaanza kutazama jua na kufikiria njia ya nyumbani. Alipita katikati ya mafungu bila haraka. Aliuliza kwanza bei ya kitu asichokitaka, akasikitika, akauliza ya kingine asichokitaka, akasikitika zaidi, na alipofika kwenye kile alichokijia, muuzaji alikuwa amechoka kumwona akiondoka. Lengalenga, mchicha wa huko, alinunua mafungu matatu kwa bei ya mawili. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, hakuwachukua kwenye mafungu yaliyopangwa vizuri. Aliomba waliovunjika, vichwa na mikia iliyobaki chini ya kikapu.

“Hao ni takataka, mama,” Clovis alinong’ona.

“Ukishatwanga, nani atajua kichwa iko wapi?”

Kitunguu alinunua kimoja. Mafuta ya mawese alinunua chupa ndogo, akaiinua kwenye mwanga kuona kama ina maji chini. Nyanya ya kopo Clovis aliitazama, Alima akamtazama Clovis, wakapita.

Mwisho walifika kwa Mama Bwalya, muuza unga, mwanamke mnene mwenye kicheko kizuri. Alipima kwa meka, kopo kubwa la bati. Alijaza unga mpaka ukafanya kichuguu juu, akamimina kwenye mfuko wa Alima, akacheka, akauliza habari za watoto. Walipokuwa wameondoka hatua ishirini, Alima alisema, “Uliona chini ya ile meka?”

“Sikuona kitu.”

“Imepigwa ngumi. Chini imeingia ndani kama kitovu. Kichuguu anakupatia juu, anakukamata chini. Nao banaume benye banamuuzia gunia, banamuibia. Kila mutu anaiba kidogo tu, na mwisho ni mimi nalipa.” Hakusema kwa hasira. “Bwalya ni mutu muzuri. Aruna alipokufa alinipa unga ya matanga bila kuuliza. Lakini meka yake ni mbaya.”

Njiani Alima alieleza jambo ambalo, kama alivyosema, lilimkaa moyoni kwa miaka tisa. Wakati wa Aruna nyumba yao ilinunua gunia zima, kutoka kwa watu wanaoleta chakula kwa treni kutoka Sakania, kwenye mpaka wa Zambia. Gunia zima lilikaa miezi mitatu. Tangu awe peke yake hakuwahi tena kununua gunia, maana pesa za gunia hazikuwahi kukutana mahali pamoja siku moja. Zilikuja za leo, zikaliwa leo. Akijumlisha meka zote za miezi mitatu, alikuwa amemlipa Bwalya gunia moja na nusu.

“Sasa sikiliza,” alisema. “Sisi wawili tunafunga. Ya saa sita hatukule. Ile ya saa sita tuiweke.”

Clovis alisimama barabarani na mfuko wa unga kichwani. Alifundisha hesabu kila siku, na hakuwahi kuitumia kwa tumbo lake.

Pesa za saa sita ziliingia kwenye droo ya cherehani ya Aruna. Kwa hiyo Clovis alifunga kweli, kwa mara ya kwanza, na akashangaa kuona kwamba si kitu kimoja na njaa. Njaa aliijua, haikuwa na saa ya kuisha. Katika kufunga huku alijua kwamba adhana ya msikiti mdogo wa mtaani ikisikika, atakunywa maji, atapewa uji wa moto wenye sukari kidogo na mikate miwili iliyobaki ya biashara, kisha bukari na lengalenga iliyoungwa kwa ndakala waliotwangwa. Alhamisi ilikuja na chakula kikawepo. Ijumaa ikaja, kikawepo. Mkurugenzi alimpongeza kwa kupona mafua.

Kusonga bukari kulimshinda kwa wiki nzima. Alima alikaa kwenye kigoda na kumwangalia akitoa jasho juu ya sufuria.

“Unapika, ao unajenga ukuta?”

“Unga iko nguvu, mama.”

“Wewe ndiyo uko na nguvu mubaya. Zungusha kwa kiwiko, si kwa bega. Hivyo. Sasa acha ipumue.”

Clovis alimzoea Alima kuliko alivyokusudia. Alipokuwa akichota maji alimsikia akiimba peke yake kwa Kiswahili cha Kasongo, na akamwekea ndoo ya ziada. Naye Alima alianza kumwita mwalimu wangu mbele ya wateja, na mtu aliyetaka mikate kwa mkopo aliambiwa kwamba mwalimu wangu hapendi mikopo, ingawa mwalimu mwenyewe hakuwa na habari.

Kisha Pasaka ikafika, na Ramadhani ilikuwa bado na siku kumi na zaidi.

Clovis aliifikiria Pasaka hiyo kwa hofu. Kwaresima yake ilikuwa imekwisha. Kwa haki alipaswa kula mchana. Lakini akila mchana droo ya cherehani itasimama. Na asipokula, atatoa sababu gani? Alirudi kutoka misa ya asubuhi akiwa bado hajapata jibu. Kwenye ua alikuta mkeka umetandikwa kivulini, na juu yake sahani iliyofunikwa. Alima alikuwa ameketi pembeni, midomo mikavu ya mfungaji.

“Sikukuu njema, mwalimu. Leo ni siku yako. Kaa.”

Alifunua. Ulikuwa wali mweupe, na kando yake bata aliyepikwa kwa mchuzi, paja na kipande cha kifua. Clovis alijua bata wale walikuwa wa Régine.

“Mama, hii imetoka wapi?”

“Nimemukaangia Régine mikate ya sikukuu, ye amenipa kipande. Droo sikuigusa. Kula, itapoa.”

Alikaa. Alinawa. Alima alikuwa ametazama upande mwingine ili asimwone akila, na shingo yake nyembamba ilionekana chini ya kilemba. Tangu alfajiri hakuwa ameweka hata tone la maji mdomoni, na alikuwa ameinamia chungu cha mchuzi huo, akionja chumvi kwa harufu tu. Clovis alirudisha kifuniko juu ya sahani.

“Siwezi, mama. Nitangoja magaribi.”

“Kwa nini? Kwaresima si imeisha?”

“Sikukuwa nafunga Kwaresima.” Alisema akitazama mkeka. “Ile siku ya kwanza. Sikukuwa na kitu mu nyumba. Makuta ilikuwa imeisha tangu siku ya tatu, Jumatano. Nilikudanganya.”

Mabata ya Régine yalipita, yakachungulia mkeka, yakaondoka.

“Nilijua,” Alima alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu ile siku. Mutu mwenye anafunga haangaliake chungu vile wewe uliangalia. Na kesho yake nilimuuliza Régine kama Bakatolika banafunga mpaka magaribi. Alicheka mpaka alikaa chini.”

Clovis alifunika uso kwa mikono yake. Alima sasa alimgeukia.

“Ulikatala kula yangu kwa sababu uliona iko kidogo. Sivyo? Batoto yangu mwenyewe bangekula na bangeomba tena. Nilisema, huyu nimwambie uko muongo, atahama kwa haya, ataenda kufa njaa kwa mutu mwingine. Kumbe afadhali nimungojee mu uongo yake, mpaka Ramazani ifike.”

“Ulingoja juma mbili?”

“Nilingoja mwezi ionekane mbinguni. Mwezi haikukuwa na haraka.” Akasukuma sahani pembeni. “Sawa. Weka, tutakula wote. Lakini bata ya magaribi inakuwa baridi, usinilaumu.”

Waliila jioni, imepashwa moto, wakigawana paja kwa kisu. Clovis alimwachia Alima kipande cha kifua, Alima akakirudisha, na kikasafiri mara tatu kabla ya kuliwa.

Jumatano ya likizo ya Pasaka Clovis alipanda treni kwenda Sakania na pesa za droo zimeshonwa ndani ya mkanda wa suruali. Alima alizishona mwenyewe kwa cherehani ya mumewe, ambayo ilikuwa haijazungushwa siku nyingi na ililia kama paka.

Sakania alifika na vumbi mpaka masikioni. Asubuhi yake alitembea kwenye maghala na mabanda yote karibu na stesheni akiuliza unga wa Zambia, na kila mahali alipewa bei moja, na bei hiyo haikuwa ile aliyoambiwa Lubumbashi. Ilikuwa imepanda juma lilelile. Pesa zake zilifikia robo tatu ya gunia, na robo tatu hakuna aliyeuza. Waliokubali kupima walipima kwa kopo. Clovis aliinama akalitazama kopo chini. Lilikuwa limepigwa ngumi.

Alikaa kwenye reli ya zamani iliyong’olewa, akafikiri mpaka jua likawa juu. Kurudi mikono mitupu hakuweza. Kurudi na unga wa makopo ilikuwa kurudi kwa Bwalya kwa njia ndefu. Mwishowe aliinuka akaenda kwa mwanamke mmoja aitwaye Mwape, aliyekuwa akiuza nafaka nyuma ya mabanda, mahali ambapo alipita asubuhi bila kusimama kwa sababu yeye hakuwa na unga. Mwape alikuwa na mahindi makavu, yasiyosagwa.

“Gunia nzima ni bei gani, mama?”

Mwape alitaja. Clovis alikumbuka, akauliza kwanza bei ya maharage, akasikitika. Akauliza ya karanga, akasikitika. Mwape alimtazama kijana huyu mwembamba mwenye abakosti, koti lisilo na tai, lililojaa vumbi.

“Nani amekufundisha?”

“Mama yangu wa Lubumbashi.”

“Amekufundisha mubaya, unasikitika kama padiri. Sema yenye uko nayo.”

Clovis aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kwapani, akatoa mahindi ya chini kabisa, akayang’ata. Yalikuwa makavu kama kokoto na hayakuwa na tundu la mdudu. Walipatana. Alibakiwa na nauli na kidogo cha kula, na alikuwa na gunia zima, lakini la kitu ambacho hakutumwa.

Treni ya kurudi ilijaa. Alikaa juu ya gunia lake, na walipokuwa wameacha vituo viwili nyuma alisikia mlio mdogo sakafuni, tik, tik, tik. Gunia lilikuwa na tundu pembeni, na kila behewa lilipotikisika punje mbili tatu zilitoka. Alichuchumaa akaliziba kwa kidole gumba. Alikaa hivyo saa nzima, kisha saa ya pili. Mguu ulikufa ganzi. Usingizi ulipomshika kidole kiliteleza, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyekaa mbele yake alimgusa bega.

“Papa, mali yako inakimbia.”

Clovis alimweleza habari yote, kwa kuwa alikuwa amechoka na mtu alikuwa anasikiliza. Mwanamke huyo alichomoa uzi mrefu kwenye pindo la kitenge chake, akatoa sindano iliyochomekwa kwenye kilemba, na akashona tundu kwa mishono mibaya, yenye nguvu. Kwa kazi hiyo aliomba kikombe cha mahindi. Clovis alimpa viwili. Na Lubumbashi, stesheni, mwenye mkokoteni hakutaka ahadi, akachukua vikombe vitano.

Alima alikuwa akifagia ua alipoona mkokoteni. Aliweka ufagio chini, akatengeneza kitenge chake, akaja taratibu kama mtu anayempokea mgeni wa heshima. Aliweka kiganja juu ya gunia. Kiganja kilisimama.

“Hii si unga.”

“Si unga, mama.” Akaeleza bei, makopo, Mwape, tundu. Alieleza haraka na vibaya, huku mwenye mkokoteni akisikiliza.

Alima alirudi kwenye ufagio wake, akamaliza ua wote mpaka kona ambazo hazikuwa na taka. Clovis alilivuta gunia mpaka ndani peke yake na kukaa karibu nalo. Alijua alichofikiria Alima: kusagisha ni pesa, na pesa ya kusagisha haikuwemo kwenye hesabu yao. Idi ilikuwa imebaki siku sita.

Baada ya kufungua, bukari ya unga wa mwisho wa Bwalya ikiwa imekwisha, Alima alichukua taa, akafungua mdomo wa gunia na kuingiza mkono. Alitoa punje, akaing’ata kwa jino lake la upande. Akaing’ata nyingine.

“Iko kavu,” alisema.

“Niliionja ya chini pia.”

“Gunia yako imekonda mu njia. Lakini iko kavu.” Akakaa. “Nilikuwa na kasirani, si kwa mahindi. Nilijiona ile siku ya Idi, Bwalya anapita, anaona gunia ya unga imesimama mu mulango. Ni kiburi tu. Mungu ameikata.” Kisha akaanza kufikiri kwa sauti, na uso wake ukafunguka kidogo kidogo. Unga wa Zambia ungeingiwa na wadudu kabla ya mwezi wa saba. Mahindi yasiyosagwa yangekaa. Kinu alikuwa nacho, cha mama yake, kimelala nyuma ya nyumba kuku wa jirani wakilala juu yake. Na pumba, je? Bata wa Régine wanakula nini?

“Kutwanga gunia nzima, mama?” aliuliza Clovis.

“Kidogo kidogo. Wewe uko na mabega. Si ulikuwa unajenga ukuta?”

Walitwanga. Alfajiri kabla ya shule kufunguliwa na jioni baada ya adhana, mtaa ulisikia mchi wa mwalimu wa darasa la tatu, na mume wa Régine alitoka kutazama, akachekelea, kisha akavua shati akaja kushika mchi wa pili, kwa sababu ni vigumu kumwona mtu akikosea mdundo. Pumba zilikwenda kwa Régine. Mayai ya bata yalikuja, matatu, kisha manne. Siku ya Idi Alima alipika saa sita mchana, na wote wanne walikula kwenye mkeka mmoja, bukari nyeupe yenye mayai na sombe, na hakuna aliyebaki na njaa.

Mahindi yalifika mpaka katikati ya mwezi wa saba. Mshahara wa Clovis wa miezi miwili ulitoka kwa pamoja juma lilelile, na safari hii Alima alisema anataka kumwona huyo Mwape kwa macho yake. Alivaa kitenge alichoshonewa na Aruna, akafunga biashara ya mikate kwa siku tatu, akapanda treni akiwa amekaa wima njia nzima. Alibishana na Mwape kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi juu ya magunia mawili, moja la Régine. Walipomaliza, Mwape alimletea maji na kigoda, akamuuliza kama ana dada anayejua kubishana hivyo.

Treni ya jioni ilichelewa. Walikaa juu ya magunia yao kwenye stesheni ya Sakania, hewa ya kiangazi ikiwa baridi, na Alima akafungua kitambaa chenye viazi vitamu vya kuchemsha. Alimpa Clovis kikubwa. Akaanza kumweleza habari za Aruna, jinsi alivyomwona mara ya kwanza akipima suruali ya mtu mnene na kukosa urefu wa kamba ya kupimia, na jinsi alivyomcheka, na jinsi alivyorudi kesho yake kucheka tena. Clovis aliuliza maswali. Watu waliulizana treni iko wapi, hakuna aliyejua. Alima alimenya kiazi kingine, akamegea mwalimu wake nusu, na akaendelea.